P.S., N.B. au uandike upya? Neno lililobaki baada ya sahihi uliweke wapi

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alinitumia kwenye simu picha ya barua yake ya kuomba kazi. Shikamoo, marahaba, kisha swali lenyewe: "Shangazi, barua nimemaliza ila kuna neno nililisahau, nimeliweka chini. Hiyo inaitwa P.S. au N.B.? Au yote mamoja?" Chini kabisa, baada ya sahihi na jina, alikuwa ameandika:

*N.B. Leseni ya udereva ninayo na niko tayari kuanza hata kesho.*

Nikasoma tangazo la kazi alilolituma pamoja na barua. Sifa ya tatu: awe na leseni hai ya udereva.

Nimefanya ukatibu muhtasi miaka mingi, tangu enzi za taipureta na karatasi ya kaboni. Kabla ya hapo, nikiwa mtoto Tanga, nilikuwa msomaji na mwandishi wa barua wa nyumba kama saba za mtaani kwetu. Kwa hiyo jibu nililompa lilikuwa refu kuliko alivyotarajia. Nimelipanga upya hapa kwa yeyote anayekwama palepale alipokwama yeye: barua imekwisha, sahihi imewekwa, na neno bado liko mkononi.

Vifupi viwili visivyo ndugu

P.S. ni Kilatini, *post scriptum*, yaani "kilichoandikwa baadaye". N.B. nayo ni Kilatini, *nota bene*, "angalia vizuri". P.S. inamwambia msomaji neno limeandikwa lini: barua ilikuwa imeshafungwa. N.B. inamwambia neno lina uzito gani: hapa simama. Ndiyo maana N.B. inaweza kukaa juu ya barua, katikati, au mwishoni kabla ya sahihi, wakati P.S. haina pa kukaa ila chini ya sahihi. P.S. iliyo juu ya sahihi ni aya ya kawaida iliyovalishwa kofia.

N.B. tunayo kwa Kiswahili: tanbihi, neno lililotoka Kiarabu, la kumzindua mtu. Ila katika vitabu vya wasomi tanbihi ni yale maelezo madogo ya chini ya ukurasa, kwa hiyo ukilikuta huko usitafute onyo. P.S. haikupata jina moja lililoshika. Wapo wanaoandika "Nyongeza", na mimi nalipenda neno hilo, lakini barua nyingi zilizopita mikononi mwangu ziliandikwa P.S. tu, au ziliandikwa N.B. pale ilipotakiwa P.S. Shuleni tulidhani N.B. ndiyo namna ya kizungu ya kusema "halafu". Mwanafunzi alimaliza barua kwa rafiki yake, akaandika "N.B. Samahani kwa mwandiko mbaya", kana kwamba mwandiko mbaya ulihitaji kuonyeshwa kwa kidole.

Ukiwa na nyongeza ya pili, ni P.P.S., ya baada ya ile ya baada. P.S.S. ni kosa, haina maana yoyote. Ukijikuta umefika P.P.P.S., chukua karatasi nyingine.

Maneno ya mlangoni

Ukitaka kujua P.S. inafanya kazi gani, achana na Kilatini, mtazame mgeni. Mgeni wa kwetu anakuja, anakaribishwa, anakunywa chai, anauliza watoto, anauliza shamba, anauliza goti la babu. Saa nzima. Anaaga, unamsindikiza. Mmefika kwenye mwarobaini, mkono uko mkononi, ndipo anaposema, "Halafu, kulikuwa na neno." Hilo neno ndilo lililomtoa kwake asubuhi. Chai yote ilikuwa njia ya kulifikia.

Kulikuwa na bibi mmoja jirani yetu, mwanawe alikuwa Maskati. Mimi ndiye niliyemwandikia. Tulitumia eagramu, ile karatasi ya buluu nyepesi uliyoinunua posta ikiwa na stempu yake tayari, unaandika, unaikunja, unabandika ncha zake, inakuwa barua na bahasha kwa pamoja. Haikuruhusiwa kutia kitu ndani, hata picha. Na nafasi yake ilikuwa na mwisho: ikijaa imejaa, kilichobaki ni ule ulimi wa kubandikia. Ukiandika karibu mno na gundi, mpokeaji akichana anachana na maneno yako.

Bibi alikaa kwenye mkeka, akasema, mimi nikaandika. Salamu nyingi kama mchanga wa pwani. Sisi hatujambo. Fulani kaoa, fulani kazaa, mvua ya vuli imechelewa. "Basi, funga." Nikaandika Wasalaam, mamako mpenzi. Nikaanza kukunja. "Ngoja. Mwambie paa la jikoni linavuja."

Nikaandika kwenye ule ulimi: *P.S. Mama anasema paa la jikoni linavuja.*

Jibu lilikuja na mtu aliyerudi kwa likizo, pesa za bati ndani ya bahasha. Kuhusu harusi, uzazi na mvua, hakuna hata mstari. Barua iliyofuata mambo yakawa vilevile, neno la maana likatoka baada ya Wasalaam. Mara ya tatu nikamuuliza kwa nini hasemi mapema, nipate pa kuandika. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini chai inanywewa kikombeni. "Sikusahau, mwanangu. Ukianza na kuomba, mtu anaisoma barua yote amekunja uso."

Huo ni ustadi, na wengine wameuona kwingine. Francis Bacon, Mwingereza aliyekufa 1626, aliandika kuwa alimjua mtu ambaye kila akiandika barua huliweka jambo zito kuliko yote kwenye nyongeza, kana kwamba limejipitia tu. Bacon alilihesabu hilo miongoni mwa hila. Mimi kwa bibi yangu sikuliona hila, niliona adabu. Mstari kati ya viwili hivyo ni mwembamba, na anayeuchora ni msomaji. Hata katika Agano Jipya, barua ya Paulo kwa Filemoni inamwombea mtumwa Onesimo kwa maneno laini kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho, halafu kabla ya salamu za kuagia Paulo anadokeza: na uniwekee tayari pa kukaa. Yaani nakuja, nitaona mwenyewe ulivyofanya. Hapo hakuna P.S. iliyoandikwa, lakini Filemoni alisindikizwa hadi kwenye mwarobaini.

Tatizo la ustadi huu ni kwamba huisha makali. Niliambiwa baadaye kuwa yule mtoto wa Maskati alifika mahali akawa anageuza eagramu na kuanza kusoma ulimi.

P.S. au kuandika upya?

Kwa barua ya mkono, chaguo ni rahisi. Umeandika kwa wino kurasa mbili, umesahau kusema shangazi yako amelazwa na sasa ameruhusiwa. P.S. inatosha, na ina joto lake: msomaji anakuona umeinuka, umekumbuka, umekaa tena. Barua iliyonyooka kupita kiasi, isiyo na kufutwa wala kurudi nyuma, hunukia ofisi.

Lakini pima ukubwa wa jambo. Kifo hakiwekwi kwenye P.S. Nimewahi kumsomea mtu barua yenye kurasa tatu za bei ya vitunguu na kesi ya mpaka wa shamba, na chini ya sahihi mstari mmoja: mzee fulani alitutoka Ijumaa. Mwandishi hakuwa na nia mbaya. Pengine habari ilimfikia barua ikiwa tayari, na ndiyo maana halisi ya "kilichoandikwa baadaye". Hata hivyo aliyekuwa akisikiliza alinyamaza, kisha akasema, "Yaani vitunguu kwanza?" Habari kama hiyo inaifuta barua iliyotangulia. Chana, anza upya, hata kama ni mistari minne.

Kwenye taipureta hesabu ilikuwa nyingine. Barua moja, nakala mbili za kaboni, na mkubwa anakumbuka neno mimi nikiwa nimeshaitoa kwenye roli. Kuichapa upya ni nusu saa. Wakubwa wengi walichukua kalamu wakaandika P.S. kwa mkono wao chini ya maneno ya mashine. Matokeo yake yalinishangaza: aliyepokea aliithamini ile sentensi moja ya kalamu kuliko ukurasa mzima niliouchapa mimi kwa vidole kumi. Alijua ukurasa umetoka ofisini na sentensi imetoka kwa mtu.

Leo, kwenye kompyuta, P.S. ya kusahau haipo tena. Msomaji anajua ungeweza kurudi juu ukaliingiza neno na hakuna ambaye angegundua. Kwa hiyo P.S. katika barua iliyochapwa ni ya makusudi daima, na itasomwa hivyo. Ukiitumia, tumia kwa jambo linalostahili kuonekana la makusudi: pongezi, shukrani ya pekee, utani kati yenu wawili. Usiitumie kwa neno ulilosahau kweli. Lirudishe juu.

Nani atakayeifungua?

Swali hili watu hawajiulizi, na kwetu lina uzito kuliko kwa wenzetu wenye sanduku la barua mlangoni. Barua zetu zilipita katika sanduku la posta la shule, la parokia, la kazini kwa mjomba. Bweni nililosoma mimi barua zilifunguliwa na mwalimu kabla hazijatufikia. Nyumbani zilisomwa kwa sauti na mtoto kama mimi, watu wamekaa duara.

P.S. katika barua ya namna hiyo ni mtego. Nakumbuka nikisoma kwa sauti ya juu, nimenogewa, na mdomo ukiwa umeshatoa maneno ndipo macho yakaelewa: *P.S. Hili la mkopo usimwambie baba.* Baba alikuwa amekaa pale, ananyoa ndevu. Mwandishi alidhani P.S. ni chumba cha ndani kwa kuwa iko mwisho. Ni kibaraza. Kama una siri na barua itasomwa na mwingine, si P.S. wala N.B. itakayokusaidia. Andika barua ya pili, kwa jina la unayemtaka, au msubiri uonane naye. Na kama ni lazima iwe barua moja, onyo linakaa mstari wa kwanza kabisa, kabla ya salamu.

Upande mwingine wa hilo ni P.S. ya mwandishi. Aliyeandika kwa niaba ya asiyejua kuandika alikuwa na haki yake ndogo chini ya sahihi: "Na mimi mwandishi wa barua hii nakusalimu sana, nimefaulu kwenda darasa la sita." Bibi hakuniruhusu kuongeza kitu kingine chochote, ila hicho alikihesabu kuwa ujira wangu. Ni desturi kongwe. Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, katika sura ya 16, mwandishi aliyekuwa akiandika maneno ya Paulo anajitokeza ghafla, anajitaja kuwa ni Tertio na kutoa salamu zake. Mstari mmoja, kisha anatoweka. Kila nikifika hapo nacheka peke yangu.

Barua ya ofisi: hapana

Hapa sina maneno mengi ya kupima. Katika barua rasmi usiweke P.S., na sababu haina uhusiano na heshima. Inatokana na masijala.

Barua ikifika ofisini, karani wa masijala anaigonga mhuri wa kupokelewa, anaandika kwenye rejesta tarehe, ilikotoka na inahusu nini, anaipa namba ndani ya faili, kisha faili linapelekwa kwa mkubwa. "Inahusu nini" anaipata wapi? Kwenye kichwa cha habari, pale Tanzania tunapoandika *Yah:* na wenzetu wa Kenya wanapoandika *Kuh:* au *Mint:*. Hasomi mpaka chini ya sahihi, na hakuajiriwa kufanya hivyo. Jambo la pili lililo kwenye P.S. linazikwa ndani ya faili la jambo la kwanza.

Yamenikuta. Katika ofisi moja, siitaji, niliandika *Yah: Maombi ya likizo*, nikaweka sahihi, halafu kwa uvivu wa kuchapa nikaongeza kwa kalamu: *P.S. Naomba pia nauli ya likizo ninayostahili.* Jibu likaja: likizo imekubaliwa kuanzia tarehe fulani. Nauli, kimya. Nikaenda kwetu kwa pesa yangu. Niliporudi na kulalamika, mkubwa alifungua faili, akaonyesha dokezo lake: "Likizo, sawa." Alisoma kichwa, akajibu kichwa. Ningeandika barua ya pili yenye *Yah: Nauli ya likizo*, ingekuwa na namba yake na mtu wa kuulizwa. Barua moja, jambo moja. Hiyo si sheria ya mwalimu wa insha, ni namna makabati yalivyopangwa.

Chini ya sahihi ya barua rasmi panaruhusiwa vitu viwili tu, na watu huvichanganya na P.S. Kimoja ni *Nakala:*, orodha ya wengine waliopelekewa barua hiyo. Kingine ni *Kiambatisho* au *Viambatisho*, hesabu ya karatasi zilizofungwa pamoja nayo. Havisemi jambo jipya, vinasema barua imekwenda wapi na ina nini. N.B. nayo ina nafasi ndogo katika barua rasmi, juu ya sahihi, na kwa onyo moja: tarehe ya mwisho, vyeti halisi visitumwe. Ukiweka N.B. tatu hakuna hata moja itakayoonekana.

Sahihi ni ukuta

Kuna barua ambazo nyongeza chini ya sahihi si uzembe tu, ni hatari. Hati ya deni, makubaliano ya kiwanja, wosia. Sahihi inasema: yaliyo juu yangu nimeyakubali. Yaliyo chini yameingia lini, na kwa mkono wa nani? Yeyote mwenye kalamu anaweza kuongeza "na riba ya asilimia kumi".

Waingereza walilitungia sheria. Sheria yao ya wosia ya 1837 ilitaka sahihi iwekwe mwishoni mwa wosia, na marekebisho ya 1852 yakatamka wazi kwamba sahihi haiyapi nguvu maneno yaliyo chini yake. Anayetaka kuongeza kitu anaandika hati ya nyongeza, anaitia sahihi upya mbele ya mashahidi. Kwa hati zetu za mtaani mbele ya mjumbe ushauri wangu ni huohuo: umekumbuka kitu, andikeni karatasi mpya, wote wawili wasaini tena. Wino na karatasi ni rahisi kuliko kwenda baraza la ardhi.

Na hata katika barua ya kawaida yenye pesa ndani ya maneno yake, ukilazimika kuweka P.S., iwekee herufi za jina lako na tarehe pembeni. Wazee wa ofisi walifanya hivyo bila kuambiwa.

N.B. kwao ni kwenye kadi

Ukitaka kuona N.B. ikiwa nyumbani kwao, chukua kadi ya mchango wa harusi. Juu maua, majina ya wazazi kwa herufi za kunakshiwa, maneno matamu kuhusu kijana wetu mpendwa. Chini, kwa herufi ndogo: *N.B. Tafadhali wasilisha mchango wako kabla ya tarehe...* na namba za simu za mweka hazina. Kadi ya mwaliko nayo: kadi hii ni ya watu wawili, watoto hawaruhusiwi, fika na kadi yako. Hakuna mwenye kamati aliyekumbuka hayo baadaye. Ni masharti, na yamewekwa mahali ambapo hayaharibu utamu wa juu. Kuandika P.S. hapo ingekuwa kichekesho, kama kwamba mchango umepita akilini mwa kamati kwa bahati.

Wafanyabiashara wao wanaipenda P.S. Barua za kuchangisha na kuuza huko Ulaya na Marekani huwa nayo karibu kila mara, kwa sababu jicho la anayefungua bahasha hutua kwenye jina lake, kisha huruka kwenye sahihi kuona ni nani, na P.S. iko hapo inamsubiri. Hotmail ilipoanza Julai 1996, mwekezaji wao Tim Draper alitaka kila barua inayotumwa ibebe chini maneno ya P.S. ya mapenzi pamoja na mwaliko wa kufungua anwani ya bure. Waanzilishi, Sabeer Bhatia na Jack Smith, waliyakataa mapenzi wakabakiza mwaliko. Kila aliyeandika barua akawa anaitangaza huduma bila kujua, na mwisho wa 1997 Microsoft wakainunua.

Kwenye simu

Baruapepe ina mtego wake: saini ndefu. Jina, cheo, simu tatu, nembo, na ilani ya kisheria ambayo hakuna aliyewahi kuimaliza. P.S. ikiwekwa chini ya hayo yote haipo. Ukiitaka, iweke mara tu baada ya jina lako, juu ya ile saini ya mashine. Na kama umebonyeza kutuma ndipo ukakumbuka, Gmail inakupa hadi sekunde 30 za kuirudisha ikiwa umeipanga hivyo. Zaidi ya hapo ni barua ya pili, na kichwa chake kiseme "Marekebisho", si "Re: Re:".

WhatsApp imetuletea kitu ambacho karatasi haikuwa nacho: tangu Mei 2023 unaweza kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Watu wanaona ni mwisho wa P.S. Kwa makosa ya herufi, ndiyo. Lakini fikiria kundi la kamati ya harusi. Mweka hazina ametuma ujumbe mrefu wenye namba ya kupokelea michango, namba ina tarakimu moja iliyokosewa. Anaandika chini yake: "Samahani, namba sahihi ni hii." Anadhani amemaliza. Dakika hiyo wajumbe watano wameshausambaza ule wa kwanza kwa ukoo mzima, na hakuna aliyebeba wa pili. Nyongeza haisafiri na barua yake. Hata ukihariri, zile nakala zilizokwisha sambazwa hazibadiliki. Kwa jambo lenye namba, tarehe au mahali, futa wa kwanza, tuma ujumbe mzima upya, na uanze kwa maneno "Huu ndio sahihi". Nyongeza ziachie salamu na mizaha.

Sauti za kurekodi sizisemei. Mtu anayesema "halafu" mara nane katika dakika nne ameshavuka mipaka ya somo hili.

Mpwa wangu nilimrudishia barua na mistari miwili tu ya maelekezo. Leseni ikapanda hadi aya ya pili, pamoja na elimu na uzoefu, kwa kuwa ni sifa na tangazo limeitaja. Ile "hata kesho" tuliibadilisha ikawa "kuanzia tarehe mtakayopanga", ikakaa sentensi ya mwisho kabla ya *Wako mtiifu*, maana mwajiri anayemaliza kusoma ndipo anapojiuliza huyu anaweza kuanza lini. Akanijibu kwamba sasa chini ya sahihi pamebaki patupu, panaonekana kama pamekosa kitu. Nikamwambia aandike *Viambatisho: 4*, ahesabu vyeti vyake kabla ya kubandika bahasha. Alihesabu. Vilikuwa vitatu, nakala ya leseni ilikuwa bado iko kwa mpiga fotokopi.